Noti za fotokopi zinazouzwa Mtwara zimeharibu somo la uzito wa A_p, na bei haijashuka hata shilingi

Wakuu wa Mtwara, Masasi na Lindi, hizi noti za uchambuzi wa hamoniki (tawi la hisabati) zinazopangwa kwenye kaunta za steshenari ni kangomba tupu, kama ule ununuzi wa korosho wa magendo: watu wanapimiwa kwa bakuli huku mizani ipo.

Uzito ni fanksheni chanya w inayozidishwa ndani ya intigrali. Unaingia darasa la A_p (p > 1) ikiwa kwa kila kipande, wastani wa w mara wastani wa w^(−1/(p−1)) uliopandishwa kipeo p − 1 hauzidi namba moja isiyobadilika. Wameandika kwamba uzito |x|^a unaingia darasa la A_p kila a ikiwa kati ya −1 na 1. Uongo! Hiyo ni kwa p = 2 tu. Kwenye mstari wa namba mpaka ni −1 < a < p − 1, na kwenye vipimo n ni −n < a < n(p − 1). Mwanafunzi mwenye p = 3/2 akiamini noti na kuchukua a = 0.8, ameshapotea, kwa sababu mpaka wake ni 0.5.

Kuhakiki ni mistari minne. Shika p = 2 na kipande (0, r). Wastani wa x^a ni r^a/(1+a). Wastani wa x^(−a) ni r^(−a)/(1−a). Zidisha: r inajifuta, inabaki 1/(1−a²). Kwa a = 0.5 ni 4/3, kwa 0.9 inafika kama 5.26, ikigusa 1 inalipuka. Vipande vilivyo mbali na sifuri havisumbui, maana uzito haubadiliki sana ndani yake.

Kwa nini a = 1 haifai? Noti zimeruka, na hapo ndipo penye somo lenyewe. Chukua f(x) = 1/(x|ln x|) kwenye (0, 1/2), kwingine sifuri. Intigrali ya f²·x ni 1/ln 2, kama 1.44, kwa hiyo nomu yake yenye uzito x (mzizi wa pili wa intigrali hiyo) ipo. Lakini intigrali ya f yenyewe ni infiniti. Wastani wake kwenye kila kipande kinachoanzia sifuri ni infiniti, na inikwaliti ambayo A_p inailinda, yaani nomu ya wastani wa f isizidi C mara nomu ya f, imekufa.

Kinachoudhi zaidi ni kubandika sharti hilo la A_p kwenye kila kitu chenye alama ya intigrali. Muckenhoupt alilithibitisha 1972 kwa opereta ya wastani mkubwa ya Hardy na Littlewood, inayochukua kikomo cha juu cha wastani wa |f| kwenye vipande vyote vyenye x. 1973 yeye, Hunt na Wheeden wakalithibitisha kwa badiliko la Hilbert, yaani intigrali ya f(y)/(x − y). Opereta ya Hardy, yaani wastani kutoka 0 hadi x, haidai hayo yote: a < p − 1 inatosha, hata a = −5, na konstanti ni p/(p−1−a). Badiliko la Fourier ndiyo kabisa: kwa p = 2 uzito |x|^(2b) upande wa f unageuka |ξ|^(−2b) upande wa badiliko lake (ξ ni frikwensi), 0 ≤ b < 1/2. Ukiweka uleule pande zote, badilisha f(x) kuwa f(λx) uone uwiano unavyokimbia kama λ^(4b).

Jibu la 1: Mkuu, huku Nachingwea zimefika pia. Wanasema uzito ukiwa wa aina mbili, u upande wa matokeo na v upande wa f, A_p ya pamoja (u mahali pa w wa kwanza, v mahali pa w wa pili) inatosha. Kweli?

Mwanzisha uzi: Si kweli, ndugu yangu. Inatoa inikwaliti dhaifu tu, ile inayopima ukubwa wa seti ambamo wastani mkubwa unazidi kiwango fulani. Kwa ile kamili ya opereta ya wastani mkubwa M, Sawyer alitoa kipimo 1982: weka σ = v^(1−p′), ambapo p′ = p/(p−1), 1_Q ni 1 ndani ya Q na sifuri nje, na σ(Q) ni intigrali ya σ juu ya Q, kisha kwa kila kipande Q intigrali ya M(σ1_Q)^p·u juu ya Q isizidi C·σ(Q), kwa C moja ya vipande vyote. Futa mstari huo kwa kalamu kabla hujamwazima mtu noti zako.