Joto linapanda kichwani baada ya Qigong: nguvu ya ziada ishushwe vipi?

Msimamo wa Asubuhi ameuliza:

Nawasalimu wote. Kwa muda mrefu nimefanya zoezi la kusimama la Qigong (mazoezi ya Kichina ya mwili, pumzi na mawazo), yaani zhan zhuang, bila shida yoyote. Lakini tangu nilipoongeza lile la kupandisha chi, yaani nguvu ya uhai, mgongoni hadi utosini na kuishusha kwa mbele, namaliza nikiwa na joto usoni, mgandamizo katikati ya nyusi na mtetemo mdogo mikononi, na usiku usingizi unachelewa. Nimeshauriwa niwaze mizizi inayotoka nyayoni na kuimwaga nguvu ya ziada ardhini, nikafanya hivyo, na joto limebaki palepale. Je, nifanye nini? Na hiyo inayomwagwa si ndiyo ileile ninayoitafuta?

Pumzi Ndefu amejibu:

Ndugu, nianze na swali lako la mwisho. Katika mapokeo ya Qigong, kufunga zoezi maana yake ni kuikusanya chi irudi dantian ya chini, yaani kituo cha nguvu kilicho takribani upana wa vidole vitatu chini ya kitovu na ndani ya tumbo. Kinachoachiliwa ni ule mkazo na msukumo uliokwama juu. Kwa hiyo hupotezi kitu.

Kuhusu mizizi, nadhani tatizo ni kwamba unaiwaza kwa juhudi, na juhudi hiyo inazidi kuyaweka mawazo kichwani, mahali ambapo yamekwisha kujaa. Anza na mwili wenyewe. Legeza taya, mabega yashuke, magoti yasikazwe, kisha uhisi uzito ukitua kwenye Yongquan, kile kibonyeo cha unyayo kilicho nyuma kidogo ya vidole. Pumzi ya kutoa iwe ndefu kuliko ya kuvuta, na usiizuie kamwe. Mwisho weka viganja vyote viwili juu ya tumbo, kimoja juu ya kingine, na usiondoke hadi pumzi itulie yenyewe. Watu wengi huiruka hatua hii kwa haraka ya kwenda kazini, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo sababu kubwa ya malalamiko kama yako.

Nyayo Chini ameongeza:

Nakubaliana naye, ila kwa mtu aliyekwisha kujaa juu, kutulia peke yake huwa kugumu, na mwendo humsaidia zaidi. Tazama Baduanjin, mfululizo wa matendo manane ya Qigong: tendo lake la nane, ambalo ndilo la kufungia, ni kuinua visigino na kuviachia vitue, na jina lake la jadi linataja mara saba. Mtikisiko ule hupita miguuni hadi uti wa mgongo na kuyarudisha mawazo chini. Mwenye maumivu ya magoti au ya mgongo avitue polepole. Zipo pia sauti sita za kutoa pumzi, ambazo Tao Hongjing, mwanazuoni wa Kidao wa China aliyeishi kati ya mwaka 456 na 536, alizieleza kwa kusema kwamba njia ya kuvuta pumzi ni moja lakini za kuitoa ni sita. Baada ya hapo tembea taratibu.

Mlinzi wa Mizani amejibu:

Naomba tusilipite hili kwa wepesi. Wachina wana jina la mazoezi yaliyopotoka, zou huo ru mo, na mwongozo wa magonjwa ya akili uliotolewa Marekani mwaka 1994 uliyataja madhara ya akili yanayohusishwa na Qigong. Hali yako haijafika huko, lakini acha kabisa kuzungusha chi kwa sasa, usifanye zoezi la kusimama usiku, na ufupishe lile la asubuhi. Moyo ukienda mbio ukiwa umepumzika, usingizi ukikatika kabisa, au ukianza kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii, nenda kwa daktari na umweleze wazi mazoezi unayofanya, maana si kila joto la kichwani ni chi: shinikizo la damu na matatizo ya tezi ya shingo pia yanaweza kuleta dalili zinazofanana na zako.

Msimamo wa Asubuhi ameuliza tena:

Nawashukuru sana. Nitajuaje kwamba naweza kurudia kuzungusha chi?

Pumzi Ndefu amejibu:

Utakapomaliza kusimama ukiwa na miguu yenye joto, paji la uso lenye ubaridi na usingizi wa kawaida, na hali hiyo ikadumu kwa majuma kadhaa mfululizo. Hata hapo, rudi ukiwa na mwalimu anayekutazama, na usiisukume chi ipande. Dantian ikijaa, itapanda yenyewe.