Rangi ya ndani ya boti ya mbao inabanduka: nikwangue yote au nipake juu yake?

Ngama_Kavu
Wakuu, naomba msaada. Boti ni ya injini, mita 11, ya miaka ya 1960. Ndani kuta ni plaiwudi ya mm 6 kwenye fremu za mkangazi, na kote imepakwa rangi nyeupe tabaka juu ya tabaka. Chini ya madirisha imetoa malengelenge na inabanduka kama maganda. Kwingine imeshika, ila ndani ya makabati imegeuka njano. Kwenye kabati la omo (mbele kabisa ya boti) plaiwudi inabonyea kwa kidole gumba. Eneo lote ni kama mita za mraba 20. Nikwangue kila mahali mpaka kwenye mbao? Na rangi ya kuchanganya na hadina (dawa ya kuikausha iwe ngumu) inafaa humo ndani?

Kalafati
Mkuu, weka brashi pembeni kwanza, utafute maji yanakoingilia. Malengelenge chini ya dirisha ni maji yaliyopita nyuma ya rangi, na ukipaka leo yatarudi palepale.

Mtu mmoja akae nje na mpira wa maji, mwingine ndani na tochi. Anzeni kumwagia chini, mpande polepole, dakika kadhaa kila hatua. Mkianzia juu maji yanatiririka kote na hamtajua tundu ni lipi. Msisahau skrubu za vitu vilivyofungwa juu ya sitaha. Maji hufuata boriti na kutokea mbali na yalipoingilia. Likipatikana dirisha, ling'oe, safisha fremu, ulirudishe na utepe wa butili (mpira unaonata wa kuziba maji). Silikoni usiilete karibu na mbao utakayopaka: rangi inaikimbia na kuacha vishimo vya duara. Kama ilishatumika, itoe na uifute kwa kiyeyusho kabla ya msasa, maana msasa unaisambaza tu.

Halafu suuza mbao zilizo wazi kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Chumvi iliyobaki inavuta unyevu wa hewa na mbao haikauki. Usipake mpaka kipima unyevu kisome 15% kushuka chini.

Msasa80
Kukwangua yote ni kujitesa. Palipo na shaka, chora miraba midogo kwa wembe mkali, bandika utepe wa gundi, uvute kwa nguvu. Vipande vikija na utepe, kwangua hapo. Visipokuja, msasa wa 120 wa kukwaruza unatosha.

Kuhusu hadina: weka kitambaa chenye tina kali (kiyeyusho cha rangi) juu ya rangi ya zamani, funika na nailoni dakika 10. Ikilainika, ni rangi ya kawaida ya mafuta, na tina ya rangi ya hadina itaikunja kama ngozi ya maziwa. Hata isipolainika, siishauri ndani. Nyingi zina isosianati, kemikali yenye sumu kwa mapafu, na kwenye chumba kilichofungwa barakoa ya mkaa haitoshi, unahitaji hewa ya bomba kutoka nje.

Kwa umri huo wa boti, chukulia rangi ya chini ina madini ya risasi, ambayo ni sumu, hadi kipimo kikuonyeshe vinginevyo. Piga msasa wa maji, vaa barakoa ya P3 (inayochuja vumbi laini). Usitumie moto wala mashine ya msasa mkavu.

Plaiwudi_Mia
Hapo panapobonyea hapana dawa ya kupaka. Gonga kwa mpini wa bisibisi: mbao nzima inalia ko-ko, iliyooza inatoa sauti ya kufa. Weka alama mpaka wa sauti, kata mm 50 zaidi yake. Kingo zichongwe mteremko wa 8 kwa 1, yaani mm 48 kwa plaiwudi yako, na kiraka kichongwe hivyohivyo. Paka epoksi (gundi ya kuchanganya na hadina) nyepesi pande zote mbili, ikishanyweka ongeza nyingine iliyokazwa kwa unga wa silika, kisha bana taratibu. Ukikamua sana gundi yote inatoka na kiungo kinabaki kikavu.

Ikishakauka, osha kwa maji na sponji ngumu kabla ya msasa. Epoksi nyingi huacha utando kama nta na rangi haishiki juu yake. Kingo za plaiwudi zipige epoksi mara 3, maana maji huanzia hapo. Puti ya bodi za magari usiiweke, inanyonya unyevu na kudondoka.

Rola_Laini
Hesabu: lita 1 hufunika mita za mraba 10 hivi. Koti 2 za chini (praima) ni lita 4, na 2 za juu lita 4. Msasa 180 baada ya praima, 320 kati ya koti za juu. Rola ya sponji, kisha laza kwa ncha ya brashi kavu. Chagua isiyong'aa sana, kuta za zamani zina mabonde.

Mkangazi ulio wazi huchuja wekundu kwenye nyeupe, upige praima ya shelaki. Unjano wa makabati ni tabia ya rangi ya mafuta gizani, kwa hiyo humo tumia akriliki ya maji.

Na zima swichi kuu ya betri. Mvuke wa tina ni mzito kuliko hewa, unazama kwenye ngama (chini kabisa ya boti) ilipo pampu, na cheche moja ya swichi ya boya inayoiwasha pampu inatosha kulipua.

Ngama_Kavu
Asanteni sana. Akriliki juu ya ile ya mafuta iliyoshika, itakubali?

Rola_Laini
Itakubali. Osha mafuta ya mikono, msasa 180 mpaka mng'ao wote uishe, praima, ndipo akriliki. Milango ya makabati iache wazi siku kadhaa. Ukiifunga mapema inagandana na fremu na kuondoka na rangi.