Naombeni ushauri: njia ya baiskeli isiyo na magari, yenye msitu na ziwa, kutokea Aachen

Mwana wa Ujiji (mleta uzi)
Heshima kwenu wakuu. Niko Aachen, Ujerumani, karibu kabisa na mpaka. Mwisho wa wiki ijayo nina siku mbili, nataka tuendeshe baiskeli za mbio mimi na mwenzangu mahali ambapo magari hayapiti. Mwenzangu magari yanamtisha. Likija lori anashuka na kusubiri pembeni hadi lipotelee mbali. Nimeifikiria Vennbahn, ile njia iliyojengwa juu ya tuta la reli ya zamani, kilomita 125 kutoka hapa hadi Troisvierges kule Luksemburg. Msitu upo, na ukichepuka pale Waimes unafika ziwa la Bütgenbach. Tairi zetu nyembamba. Je, ni lami mwanzo mwisho? Siku mbili zinatosha? Sijalala vizuri kwa kuliwaza hili, naombeni mawazo.

Gia Saba
Mkuu, umechagua vizuri. Karibu yote ni lami safi, na kwa kuwa treni haziwezi kupanda mlima mkali, mwinuko wake ni asilimia mbili hivi. Ukitoka Aachen unapanda taratibu hadi nyanda za juu za High Fens, halafu kuanzia Sourbrodt unashuka kidogo kidogo. Karibu na mpaka wa Luksemburg handaki la zamani limefungwa kwa ajili ya popo, hivyo mnapanda kilima juu yake. Hapo miguu itawauma. Kuna sehemu mnakatisha barabara za magari, mwambie mwenzako mapema. Siku mbili zinatosha. Lala St. Vith, mji wa Ubelgiji ulio njiani.

Karanga Mbichi
Mtu anakosa usingizi kwa sababu ya lami? Mwenzako huyo ni nani hasa, shemeji yetu? 😂

Mwana wa Ujiji
Ni ndugu tu. Swali langu ni njia. Gia Saba, ubarikiwe sana. Huko Waimes hadi Bütgenbach napo ni lami?

Gia Saba
Ndiyo, nayo ilikuwa reli. Ila jua kwamba hilo ziwa ni la bwawa, lilijengwa kati ya mwaka 1929 na 1932. Kuogelea mnaogelea.

Mzee wa Kasulu
Vijana mna raha. Sisi tulikuwa tunatoa madumu ya mawese Kigoma na kuyapandisha Kasulu kwa Phoenix isiyo na gia, vumbi hadi kwenye kope, na breki ni soli ya kandambili. Mlimani unaisukuma, mteremkoni unamwomba Mungu. Leo mtu mzima anaomba ushauri wa mahali pa kutembeza baiskeli tupu! Pesa hiyo ungemtumia mama yako akaezeka nyumba.

Nyambura wa Kiambu
Mzee, mwachie apumzike, kupumzika si dhambi. Hapa Nairobi tuna msitu wa Karura, na mimi huingia na baiskeli kila nipatapo nafasi. Barabara za mle ni za udongo mwekundu, tairi nyembamba hazifai, lakini gari halikufukuzi. Na msitu huo haukubaki hivi hivi. Wangari Maathai na wenzake walipigwa pale Januari 1999 walipokwenda kupanda miti ardhi ikiwa imegawiwa wajenzi. Kila nikipita getini namkumbuka. Mahali pa kupumulia hupiganiwa, kwa hiyo mleta uzi, nenda.

Mama Shukuru
Mimi niko Liège, Ubelgiji, na huko unakotaka kwenda napajua. Mwanangu, nakuuliza swali moja na unijibu wazi. Njia hiyo inaanzia Ujerumani, inapita Ubelgiji na kuishia Luksemburg. Huyo ndugu ana karatasi gani?

Mwana wa Ujiji
Mama, shikamoo. Ana karatasi halali.

Mama Shukuru
Marahaba. Sikuuliza kama ni halali. Nimeuliza ni ipi.

Mwana wa Ujiji
Sawa Mama. Ni mtoto wa mama mdogo, ametokea Uvira. Ameomba hifadhi hapa Ujerumani, majibu bado, ana ile karatasi ya kusubiria. Lakini jamani sikilizeni. Hii ni njia ya baiskeli, haina geti wala askari, wazee wa Kijerumani wanaingia na kutoka na mbwa wao. Chumba St. Vith nimeshakilipia na pesa hairudi. Na huyu kijana amekulia kando ya Tanganyika, sasa anaishi kambini, chumba kimoja watu wanne, dirisha linatazama ukuta. Tangu afike hajaona maji zaidi ya ya bomba. Nilimwahidi ziwa. Nimwambie nini?

Mama Shukuru
Mwambie ukweli, nawe ukweli ndio huu. Karatasi hiyo inampa ruhusa ya kukaa Ujerumani wakati ombi lake linashughulikiwa. Haimpi ruhusa ya kwenda nchi nyingine, hata kwa saa moja, hata kwa baiskeli. Na tangu Septemba 2024 Ujerumani imerudisha ukaguzi kwenye mipaka yake yote ya nchi kavu. Hawasimami kila njia, lakini wewe hujui siku watakayosimama. Wakiwakuta mnarudi, wewe utaonyesha kitambulisho na kwenda zako. Yeye ataanza kuulizwa maswali ambayo wakili wake hakuyatarajia. Ziwa halifai kumgharimu hivyo.

Mwana wa Ujiji
Basi tuishie Monschau tugeuze. Monschau ni Ujerumani.

Gia Saba
Monschau mji ni Ujerumani, ila njia yenyewe siyo. Kuanzia karibu na Raeren tuta la ile reli ni ardhi ya Ubelgiji, hata pale ambapo kulia na kushoto kwako ni Ujerumani. Kwa Vennbahn huyo kijana mwisho wake ni Walheim.

Karanga Mbichi
Hapo sasa ndipo nimeacha kuamini. Uzi mzima ni CHAI. Njia ya Ubelgiji ipite katikati ya Ujerumani? Na mtu wa kambini anapata wapi baiskeli ya mbio? Gia Saba na mleta uzi ni mtu mmoja mwenye akaunti mbili, anajiuliza na kujijibu. Uzi bila picha hauna maana.

Bwana Spoki
Hata mimi nilishtuka. Mwanzo "mwenzangu", kisha "ndugu", sasa mkimbizi. Kesho atakuwa askofu.

Gia Saba
Karanga, mimi si mtu wa akaunti mbili, na hili la ardhi ni historia. Baada ya Vita vya Kwanza, Mkataba wa Versailles ulihamishia Ubelgiji wilaya za Eupen na Malmedy, na reli iliyoziunganisha nayo ikapewa Ubelgiji pamoja na tuta lake. Treni zimekoma, mpaka umebaki. Ndiyo maana kuna vipande vya Ujerumani vimezungukwa na Ubelgiji hadi leo. Kimoja kinaitwa Rückschlag, na kina nyumba moja na bustani yake. Fungua ramani, ukuze karibu na Konzen, utaona mwenyewe.

Mwana wa Ujiji
Baiskeli aliitengeneza mwenyewe kwenye karakana ya watu wanaojitolea. Fremu ya kuokotwa, gurudumu la mbele la rangi nyingine, spoki kazikaza yeye. Picha yake hii hapa. Sura ya kijana siiweki humu, mkitaka muite chai.

Karanga Mbichi
Nimekuza ramani. Aisee, mpaka umejikunja kama utumbo. Nafuta neno la akaunti mbili. La chai naliweka kiporo.

Gia Saba
Mkuu, mpeleke ziwa la Urftsee, lote liko ndani ya Ujerumani. Pandeni treni kupitia Euskirchen hadi Kall, kisha fuateni njia ya baiskeli kando ya mto Urft hadi Gemünd, mji uliopigwa vibaya na mafuriko ya Julai 2021. Ukitoka Gemünd kuna barabara inayoambatana na ziwa hadi ukuta wa bwawa, na magari ya watu hayaruhusiwi. Kulia msitu wa Hifadhi ya Taifa ya Eifel, kushoto maji. Bwawa lilikamilika mwaka 1905. Eneo la ng'ambo, Vogelsang, wanajeshi wa Ubelgiji walilitumia kwa mazoezi hadi mwisho wa 2005. Ukutani wanauza kahawa na chakula.

Mwana wa Ujiji
Hilo ni la siku moja. Na chumba changu je? Nilishapanga kila kitu.

Mzee wa Kasulu
Mjukuu wangu, mimi nilikugombeza kabla ya kujua unambebea nani mzigo. Chumba kiache. Mpeleke kijana akaone maji.

Nyambura wa Kiambu
Naam. Na mbebe chai ya chupa, ya kweli.

Bwana Spoki
Niko Maastricht, mwisho huo wa wiki nina nafasi na Vennbahn sijawahi kuimaliza. Kama jina la mgeni linabadilishika, chumba nakichukua mimi kwa bei uliyolipa.

Mwana wa Ujiji
Linabadilishika, nimewapigia sasa hivi. Njoo faragha tuyamalize. Gia Saba, hiyo treni ya Kall baiskeli mbili zinapanda?

Gia Saba
Zinapanda, kila moja na tiketi yake. Jumapili behewa la baiskeli hujaa, wahini ile ya asubuhi kabisa. Na bebeni tyubu mbili za akiba.