Mboga rahisi za kuanza nazo: nafasi ya mita 3 kwa 4, udongo mweusi, Kisumu

Nyuma_ya_Nyumba (Mamboleo, Kisumu)

Hamjambo wadau. Nina nafasi ya mita 3 kwa 4 nyuma ya nyumba, na jua linaipiga tangu asubuhi hadi saa nane. Udongo ni ule mweusi unaonata kwenye jembe mvua ikinyesha na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi. Miche 30 ya sukuma imebaki 9. Mingine ilikutwa asubuhi imelala kama imekatwa kwa wembe, mingine ikageuka manjano na kuoza mizizi. Anayeanza apande mboga gani ili watu 5 wapate chungu cha mboga mara tatu kwa wiki? Mbegu ya saga (mgagani) niliyonunua sokoni haijaota hata moja. Nyanya pia nazitamani.

Jembe_la_Kano (Ahero)

Pole sana. Hayo ni matatizo mawili tofauti, usiyatibu kwa dawa moja.

Mche uliokatwa shingoni ni kazi ya kiwavi wa udongo, yule wa kijivu anayejikunja kama pete ukimgusa. Hula usiku, na mchana hujificha sentimita 2 au 3 chini, karibu kabisa na mche aliouangusha. Fukua hapo kwa kidole asubuhi ileile utampata. Usipomtoa, kesho ataangusha wa jirani. Ukipandikiza tena, zungushia kila shina kipande cha paketi ya maziwa, sentimita 3 ndani ya udongo na 5 juu.

Manjano na kuoza ni maji kutuama. Udongo wetu huu ukijaa maji mizizi hukosa hewa, na ukimwagilia zaidi kwa sababu mche umenyauka unaumaliza. Hapo kwako yanatoshea matuta matatu, kila moja upana mita 1 na urefu mita 3, na njia mbili za sentimita 50 katikati. Chota udongo wa njia uupandishe mpaka tuta liinuke sentimita 25. Changanya debe 3 za samadi iliyooza kwa kila tuta. Samadi iliyoiva hainuki wala haina joto ukiingiza mkono. Ya kuku ikiwa mbichi itachoma miche, iache kwanza miezi 3 ikiwa imefunikwa. Ukishapanda na mimea ikasimama, tandaza nyasi kavu unene wa sentimita 5. Nyufa zitapungua sana.

Sasa mboga. Kwa joto la Kisumu, anza na kunde, si sukuma. Mbegu 2 kwa shimo, kina cha sentimita 3, shimo hadi shimo sentimita 15, mstari hadi mstari 30. Huota kwa siku 4 hadi 6 na wiki ya nne unachuma majani laini. Chuma kabla haijaweka maua, kwa sababu baada ya hapo majani hukakamaa.

Tuta la pili panda terere (mchicha). Mbegu zake ni ndogo kama vumbi, na wengi hukosea kwa kuzimwaga zote mahali pamoja. Changanya kijiko 1 cha chai cha mbegu na vijiko 10 vya mchanga mkavu, nyunyiza kwenye mstari, funika nusu sentimita tu. Ukifunika zaidi hutaiona. Wiki ya tatu anza kung'oa ile iliyobanana, hiyo ndiyo mboga yako ya kwanza, kisha inayobaki uikate kwa kisu sentimita 15 kutoka chini ichipuke tena.

Tuta la tatu rudisha sukuma: mistari 2, mche hadi mche sentimita 45, yaani shina 12 hivi. Pandikiza jioni. Chuma majani ya chini, na juu uache 5 au 6 kila mara. Ukiuacha mche na majani matatu, shina hudhoofika.

Baridi_ya_Njoro (Nakuru)

Ushauri huo ni mzuri kwa Kisumu, lakini anayesoma akiwa huku juu asiunakili. Nakuru iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na terere na saga huota polepole usiku ukiwa baridi. Huku rahisi ni sukuma na spinachi. Udongo wa majivu ya volkano hautuamishi maji, kwa hiyo usiinue tuta juu hivyo. Lifanye bapa na uongeze samadi.

Nyanya ningekuomba uziache msimu huu. Zinataka fito, kupogolewa na dawa ya bakajani (ugonjwa unaokausha majani) mvua ikizidi, na kosa la wiki moja linaweza kuondoka na zote.

Vidukari kwenye sukuma na kunde: kijiko 1 cha chai cha sabuni ya maji kwa lita 1 ya maji, pulizia jioni chini ya majani, rudia baada ya siku 4. Wanajificha chini, ukipulizia juu umeosha jani tu. Osha mboga vizuri kabla ya kupika.

Mrenda_na_Mitoo (Kakamega)

Kuhusu saga: huenda mbegu yako ni mpya mno. Saga iliyovunwa karibuni hulala na haioti vizuri mpaka ikae miezi kadhaa. Muulize muuzaji ilivunwa lini. Isipandikizwe pia, mzizi wake ni mmoja mrefu na haupendi kusumbuliwa. Panda moja kwa moja, kina cha sentimita 1, kisha punguza ibaki kila sentimita 15. Ikianza kuonyesha maua, yakate kila unapochuma, la sivyo majani hukoma. Kiu huiharakisha kutoa maua.

Mrenda nao una ganda gumu. Funga mbegu kwenye kitambaa, zitumbukize kwenye maji yaliyotoka kuchemka kwa sekunde 10 tu, halafu kwenye maji baridi mpaka asubuhi. Zikaushe kidogo kivulini ndipo upande. Bila hivyo itaota moja hapa moja pale.

Managu (mnavu) iwe baadaye. Ikifika sentimita 15 kata ncha itoe matawi. Ila ni ukoo mmoja na nyanya, na mnyauko wa bakteria hauchagui kati yao. Ukiona mmea umenyauka ghafla ukiwa bado kijani, kata kipande cha shina karibu na udongo, kining'inize ncha iguse maji safi kwenye glasi. Subiri dakika chache. Kikishusha uzi mweupe kama maziwa, huo ndio mnyauko wenyewe: ng'oa mmea na mizizi yake, uchome, na hapo usipande managu, nyanya, biringanya, pilipili wala viazi kwa miaka kadhaa. Kunde na terere zinaweza kuendelea palepale.

Nyuma_ya_Nyumba

Asanteni mno. Na maji, kila siku?

Jembe_la_Kano

Wiki mbili za kwanza, ndiyo, lita 10 kwa tuta asubuhi kama hakukunyesha. Baadaye lita 20 kila siku ya pili. Kabla ya kumwaga, ingiza kidole mpaka kiungo cha pili. Udongo ukinata kwenye kidole, acha mpaka kesho.