Tupeane uzoefu: Ziara ya bei ya juu, yafaa au ni kuliwa pesa tu?

Mama Pacha wa Kizingo
Asalaam aleikum, na hamjambo nyote. Wifi yangu yuwaja mwezi wa nane kutoka Leicester, Uingereza, na mumewe na watoto wawili. Nimeulizia safari ya kisiwa cha Wasini, kule Shimoni, nikapewa bei mbili. 6,500 kwa kichwa, gari la pamoja na jahazi la pamoja. Au 14,000 kwa kichwa: gari lenu, boti yenu, gaidi wenu. (Ndiyo, gaidi, yaani mwongoza watalii. Msinisahihishe, hapa kwetu ndivyo tunavyowaita.) Mume wangu ashikilia ile ya juu, maana ni dada yake. Mtoa pesa ni mimi. Aliyewahi kulipa ya juu atwambie alipata nini.

Kobe wa Nyali
Utapata chupa ya maji baridi na taulo dogo la kujifuta uso.

Mzaliwa wa Kibokoni
Dada umenikumbusha mbali. Mimi nimezaliwa hapa Mombasa karibu na Ngome, ile Fort Jesus, nikitupa jiwe lafika. Miaka arubaini napita pale, na kuingia ndani niliingia mara moja tu, safari ya shule, nikakumbuka mizinga na soda. Mwaka juzi ofisini walikuja wageni kutoka Kisumu, bosi akawalipia mtembezi wa peke yao, akaniambia niwasindikize kwa kuwa mimi ni mwenyeji. Mwenyeji wa jina!

Mzee yule wallahi alinitia haya. Alitusimamisha mbele ya michoro ya mabaharia wa Kireno, akawa aonyesha kwa kidole bila kugusa: hii merikebu, hili kanisa, huyu hapa mtu. Wala hakuwa na haraka. Kisha akasema Waingereza waliifanya Ngome jela, toka 1895 hadi 1958. Hapo ndipo miguu iliponiishia nguvu. Marehemu babu yangu alikuwa na msemo, akikasirika na chakula cha nyumbani: "Nimekula ugali wa Ngomeni, sembuse huu?" Sisi wajukuu tulikuwa tukicheka tukidhani ni mzaha wa wazee. Hakuna aliyemuuliza alifanya nini. Nikasimama pale uani na wageni wa Kisumu wakinisubiri, mimi natafuta kwa macho alilala upande gani.

Mtembezi akanitazama akasema, "Wengi wa hapa hulia hapa." Hakuniuliza neno jengine.

Kwa hivyo mimi nasema Ngome lipa mtu anayeijua. Wasini sijui, bahari mimi nala samaki wake tu.

Binti Mvita
Subhanallah. Allah amrehemu babu.

Kijana wa Changamwe
Wewe ulipata mzee. Sisi wetu wa bei ya juu alikuja na miwani ya jua na kizibao cha mifuko kumi na mbili, akawaambia wageni Ngome ilijengwa na Vasco da Gama. Da Gama alipita hapa 1498. Ngome imeanza kujengwa 1593. Labda alikuwa aisimamia kutoka kaburini. Tulipofika zile pembe kubwa zilizopinda juu ya barabara ya Moi Avenue akasema ni pembe za ndovu wa kweli. Ni alumini, jamani! Hata mwanangu wa darasa la pili acheka.

Mwalimu Mstaafu
Na ramani ya Ngome alichora Mtaliano, Giovanni Battista Cairati, chini ya mfalme wa Ureno. Kazi ikamalizika 1596. Kama mtembezi hajui hilo, ada yake ni ya kubeba mwavuli.

Binti Kisauni
Mama Pacha, weka kalamu chini unisikilize. Mimi NDIMI niliyelipa bei ya juu Wasini. Na nilimpeleka mama mkwe.

Mume wangu ndiye mtoto wake wa pekee wa kiume, na bibi hajawahi kunisifu tangu siku ya harusi. Nikasema leo nitaununua moyo wake. Gari letu lenye kipoza hewa, alfajiri tukavuka feri Likoni, Ukunda, Msambweni, mpaka Shimoni. Bibi amevaa buibui jipya, meno yanang'aa. Hayo meno ni ya kubandika, ya juu yote. Alitengenezewa miezi mitatu kabla, kwa pesa za mwanawe.

Pale gatini kulikuwa na jahazi kubwa la wale wa bei ya chini, watu kama thalathini, wabanana, kuna mpaka mtu na ndoo ya mahamri. Sisi tukaongozwa kwenye boti ya faiba, watu watano tu, mito myeupe. Nikamtazama mama mkwe. Akatabasamu! Nikajisemea pesa imefanya kazi.

Ilikuwa mwezi wa saba. Kusi, ule upepo wa kusini, lavuma. Tulipotoka tu nyuma ya kisiwa, ile boti kwa wepesi wake ikaanza kuruka kama maandazi kwenye mafuta. Jahazi kule laenda polepole kama harusi, sisi twapigwa. Gaidi akapaza sauti, "Pomboo! Pomboo upande wa kulia!" Sote tukageuka kulia. Mama mkwe akageuka kushoto. Akatapika. Na alipoinua kichwa, jamani, uso ulikuwa umeingia ndani.

Hakuna aliyesema neno. Pomboo watatu wanacheza pale karibu kabisa, hakuna anayewatazama. Nahodha, kijana mdogo, akazima mashine akachungulia maji kwa adabu, akasema, "Bi mkubwa, hapa ni pima nyingi."

Bibi akaziba mdomo kwa mtandio. Hakuutoa tena mpaka Mombasa.

Sasa subirini. Bei ya juu ilikuwa na chakula cha mchana. Chakula chenyewe: mwani wa kukaanga, kisha KAA. Kaa mzima mzima kila mtu na wake, na kijinyundo. Meza ya wale wa jahazi iko upande wa pili, wanagonga kaa zao zile zile, wanacheka. Mama mkwe akamtazama kaa, kaa akamtazama mama mkwe. Akasema kwa sauti ya ndani ya mtandio, "Nipeni wali na mchuzi." Akanitazama mimi.

Mpaka leo akiulizwa Wasini husema, "Huyu alinipeleka kutupa meno."

Kobe wa Nyali
😂😂😂 Nimemwaga chai kwenye simu

Mla Viazi Karai
"Kaa akamtazama mama mkwe." Nimeshindwa kufanya kazi leo.

Binti Mvita
Kwani hakuna mtu aliyezama kuyatafuta??

Nahodha wa Mtwapa
Azame wapi, kusi limechafua maji. Lakini dada, kosa si la boti. Ni nani aliyekwambia umpeleke mtu mzima bahari kuu mwezi wa saba? Kusi lashika toka mwezi wa nne hadi wa tisa. Kaskazi, Desemba mpaka Machi, bahari imelala na maji waona mpaka chini. Mama Pacha, mwezi wa nane panda jahazi zito, utoke mapema kabla upepo haujainuka. Boti nyepesi ni ya kaskazi.

Binti Kisauni
Nahodha, mimi ni muuza nguo. Kusi nalijua nikianika nguo. Niliyemlipa 14,000 ndiye aliyepaswa kuniambia.

Nahodha wa Mtwapa
Hapo sina jibu.

Mtembezi Mwenye Beji
Habari zenu. Mimi ni gaidi kwa kazi, beji ya fedha. Naona twasagwa wote pamoja. Hizo beji ni shaba, fedha na dhahabu, na hupati bila kufanya mtihani wa chama cha waongozaji, KPSGA. Mama Pacha, mwambie akuonyeshe beji na leseni kabla hujatoa shilingi. Pili, uliza kama ada ya hifadhi ya bahari ya Kisite, huko huko Wasini, imo ndani ya hizo 14,000. Ile ni ya KWS, shirika la wanyamapori, hulipwa kwa eCitizen, mtandao wa serikali, na mwananchi, mkaazi na mgeni bei zao ni mbalimbali. Wifi yako kama bado ana kitambulisho cha Kenya aje nacho. Mumewe na watoto wakiwa na pasipoti za Uingereza watalipa ya wageni hata wakae kwenye mto mweupe.

Kijana wa Changamwe
Na duka la vinyago je? Mbona kila ziara "ya peke yenu" husimama nusu saa kwa duka moja lile lile? Tueleze, beji ya fedha.

Mtembezi Mwenye Beji
Tunapata kitu kidogo, sikatai. Wewe kazini kwako huna chai?

Kijana wa Changamwe
Mimi ni fundi wa friji. Sikupeleki kwa duka la mjomba ukitaka gesi.

Mtembezi Mwenye Beji
Au ni wewe uliyenitengenezea friji mwaka jana? Maana spea ulitaka ninunue kwa mtu wako.

Bi Ndia Kuu
Mnapigania vinyago, mimi nina jambo. Nyie mnaowaleta watu Mji wa Kale, wa bei ya juu na ya chini: milango ya nakshi ipigeni picha mpaka mchoke. Mimi nimekaa barazani kwangu na kanga nachambua mchele, nataka niulizwe kwanza. Na msikiti wa Mandhry mtu hasimami mlangoni na kaptura. Ule upo tangu 1570, haukuwekwa kuwa pazia la nyuma la picha zenu.

Mzaliwa wa Kibokoni
Bi mkubwa umesema.

Mla Viazi Karai
Mimi yangu ni ya Tsavo Mashariki na nitawapinga wote. Nimekwenda mara mbili. Ya kwanza ni gari la pamoja, tulikuwa saba. Kila tukisimama kuna mtu nyuma: "Simba wako wapi? Twende kwa simba." Ya pili nilikopa nikalipa gari la mimi na mke wangu. Pale bwawa la Aruba tulikaa dakika arubaini tukiwatazama ndovu wekundu, ile rangi ni udongo wa kule wanajimwagia. Kadogo kamoja kalikuwa hakajui kutumia mkonga, kajikanyaga. Magari ya pamoja yakaja, yakapiga picha, yakaondoka. Simba hatukuona. Mkopo nimemaliza juzi. Ningelipa tena.

Kobe wa Nyali
Na wale wa gari la pamoja waliona simba?

Mla Viazi Karai
Wanne. Usiniulize tena.

Binti Mvita
Watoto wenyewe wa nini kuwarusha baharini? Wapeleke Haller Park pale Bamburi, waone kobe na twiga, uwahadithie habari ya Owen, kile kiboko kidogo kilichookolewa baada ya sunami ya Desemba 2004 kikamng'ang'ania kobe Mzee kama mamake. Tuktuk tu yatosha.

Nahodha wa Mtwapa
Au wasubiri Desemba.

Mama Pacha wa Kizingo
Tikiti za ndege zishakatwa, Nahodha. Basi nimemwambia mume wangu hivi: Ngome na Mji wa Kale tutamlipa mtembezi mzima, mzee kama yule wa Kibokoni, na Bi Ndia Kuu tutampigia hodi. Haller Park tuktuk. Wasini tutapanda jahazi na wale wa mahamri. Amenuna. Nikamsomea kisa cha Binti Kisauni mpaka pale kwa kaa, akanyamaza, akasema, "Sawa, jahazi."

Binti Kisauni, swali moja. Mama mkwe alipata mengine?

Binti Kisauni
Alipata, tulichanga tena. Ila sasa hata tukivuka feri ya Likoni huyatoa, akayafunga kwa leso, akayatia pochini. Tukifika ng'ambo ndipo anaongea.