Mrejesho: kufunga hesabu za mwaka bila kuishiwa subira

Swali langu lilikuwa namna ya kubaki mtulivu wakati wa kufunga hesabu, leja (daftari kuu la hesabu) na taarifa ya benki zinapogoma kulingana. Asanteni sana kwa majibu, hesabu zimefungwa.

Kilichosaidia kuliko vyote ni kuacha kukagua kila mstari upya. Hapo ndipo subira inapoishia. Andika kwanza ile tofauti kwenye karatasi, uitazame. Ikigawanyika kwa 9 bila baki, shuku tarakimu zilizobadilishana nafasi: 5,400 ikiingizwa kama 4,500 inaacha 900. La sivyo, igawe kwa 2 kisha tafuta nusu hiyo, kwani muamala uliowekwa debiti (upande wa kushoto wa leja) badala ya krediti (upande wa kulia) huzaa tofauti maradufu. Bado? Tafuta kiasi chenyewe. Mara nyingi ni makato ya benki ambayo hayajaingizwa, au hundi ambayo mlipwaji hajaipeleka benki. Hundi hiyo usiifute kwenye leja. Iorodheshe tu kwenye ulinganisho wa benki, yaani karatasi inayoeleza tofauti kati ya leja na taarifa ya benki.

Ushauri mlionipa wa kutoingiza miamala saa ya mwisho ya siku ni wa dhahabu. Jicho lililochoka husoma linachotarajia kukiona, si kilichoandikwa. Saa hiyo panga vocha (hati za malipo) kwa tarehe. Na kwenye uhakiki wa mwisho, mmoja asome kwa sauti, mwingine aweke tiki kwa kalamu nyekundu.