Ukumbi mdogo, bendi tatu usiku mmoja: mwimbaji hasikiki, maiki zinapiga mluzi

kinanda_kimya
Wakuu, naomba msaada wa kiufundi. Ukumbi ni mita 8 kwa 12, dari fupi, kuta za saruji, unabeba watu 80 hivi. Vyombo: mixa ya chaneli 12, spika mbili za mbele, monita mbili (spika za kuwasikilizisha wanamuziki wenyewe jukwaani). Kila bendi ina drams, besi, magitaa mawili na waimbaji wawili. Maneno ya mwimbaji hayasikiki kabisa, na maiki ikipandishwa kidogo tu, mluzi. Kuna wazo la kununua amplifaya kubwa zaidi. Itasaidia? Pia kubadilishana jukwaa kunakula dakika 40 kila mara.

fundi_mitambo
Hela yako iache mfukoni kwanza. Wati zikiwa maradufu unapata desibeli 3 tu, na mluzi hautokani na uhaba wa nguvu. Maiki inaisikia spika inayoibeba, sauti inazunguka.

Kwenye ukumbi wa ukubwa huo anayepanga sauti ya usiku mzima ni mpiga drams, maana chombo chake hakina kitufe cha kupunguza. Akipiga kwa nguvu, gitaa linapanda limfikie, besi inafuata, mwimbaji anazama. Kwa hiyo shusha jukwaa, usipandishe maiki. Mpe fimbo nyepesi, au zile za vijiti vilivyofungwa pamoja. Drams usiziwekee maiki, labda ile kubwa ya mguu tu. Amplifaya za gitaa ziinue juu ya kiti au ziegemeze zitazame masikio ya mpigaji. Zikikaa sakafuni zinapigia magoti yake: hajisikii, anaongeza, na wa mstari wa mbele ndio wanaoumia.

Sasa mluzi. Spika za mbele zikae mbele ya mstari wa maiki, juu ya vichwa vya watu. Mdomo uwe sentimita 2 hadi 5 kutoka kwenye maiki, kwani kila umbali unapoongezeka maradufu unapoteza kama desibeli 6. Na mwimbaji asikishike kichwa cha maiki kwa kiganja! Akiziba matundu ya nyuma, maiki inaanza kusikia pande zote. Monita nayo ina mahali pake: maiki ya kadioidi (aina inayosikia zaidi upande wa mbele) ni kiziwi mgongoni, basi monita ielekee mgongo huo moja kwa moja. Ya supakadioidi (inayosikia mbele kwa wembamba zaidi) uziwi wake uko pembeni kidogo, karibu nyuzi 125 kutoka mbele, kwa hiyo monita isogezwe upande.

Halafu kata masafa ya chini ya Hz 100 kwenye maiki za waimbaji, funga chaneli zote zisizotumika, kisha pandisha polepole mpaka ianze kuvuma. Tafuta masafa yanayovuma, yapunguze desibeli 3 hadi 6, endelea. Ukishakata sehemu tatu au nne, simama. Ukizidi hapo unaila sauti yenyewe.

waya_mrefu
Hizo dakika 40 zinapotea kwenye drams. Seti iwe moja kwa bendi zote, kila mpigaji aje na snea (ile ngoma ndogo yenye nyaya chini), matoazi na pedali yake. Amplifaya ya besi pia moja. Kupima sauti kuanzie na bendi itakayofunga usiku, ya kufungua ipime mwisho, hivyo vyombo vyake vinabaki vilipo. Andika namba ya chaneli kwenye kila waya kwa utepe, weka alama sakafuni kila stendi ilipokaa, na piga picha ya mixa baada ya kila bendi. Anayemaliza abebe vyombo kwanza, nyaya akunjie nje ya jukwaa. Dakika 15 zinatosha.

mstari_wa_nyuma
Naongeza: ukipima ukumbi ukiwa mtupu, usikate sana sauti za juu. Miili ya watu inazimeza, na watu wakijaa mwimbaji atasikika kama yuko ndani ya gunia. Pazia jepesi nalo halifanyi lolote kwa besi, linatuliza makali ya juu tu.

kinanda_kimya
Shukrani. Besi inanguruma hata isipopigwa. Kuna anayesema tukate pini ya ethi (ile ya usalama inayopeleka umeme ardhini) kwenye plagi.

fundi_mitambo
HAPANA. Pini hiyo ndiyo inayomkinga mtu anayeshika nyuzi huku mdomo umegusa maiki. Mngurumo wa Hz 50 au 60, kutegemea umeme wa nchi, mara nyingi ni kitanzi cha ethi, yaani amplifaya na mixa zimeunganishwa ethi kwa njia mbili, ya umeme na ya waya wa sauti. Lisha vyombo vyote vya jukwaani pamoja na mixa kutoka soketi moja, besi ipitie kiboksi cha DI (kinachounganisha chombo moja kwa moja na mixa) chenye swichi ya kukata ethi ya waya wa sauti, bonyeza hiyo swichi. Ukibaki, badilisha waya wa gitaa kabla ya kutafuta mchawi mwingine.

mstari_wa_nyuma
Na vizibo vya masikio vikae mlangoni. Kwa kipimo cha NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, kwenye desibeli 85 mwisho wa kukaa ni saa 8, na kila desibeli 3 zikiongezeka muda unakatwa nusu. Kwenye 100 ni dakika 15, yaani nyimbo tatu au nne.